Namba Pekee Aliyoikariri Mama

Kazi yangu, pale kituo cha afya hapa Butembo, ni kuandika magonjwa ya watu kwenye kompyuta. Kwa Kifaransa cha ofisini naitwa encodeuse, jina zuri linaloniletea heshima sokoni, lakini ukweli ni kwamba nakaa kwenye meza ndogo nyuma ya pazia la kijani, napokea daftari la mgonjwa, nalisoma, halafu nayahamishia yaliyomo ndani ya mashine. Daftari zenyewe ni kaye za shule, zimefunikwa nailoni ili mvua isizilowanishe, na ndani yake kuna mwandiko wa wauguzi kumi ambao kila mmoja aliandika akiwa na haraka ya kwenda kula. Mgonjwa ndiye hulitunza nyumbani. Panya wakilitafuna, tunaanza upya na maswali.

Mwaka wa kisa hiki, kompyuta za vituo kadhaa vya Butembo na Beni zilikuwa zimeunganishwa. Kilichoandikwa Beni kilionekana Butembo, na mgonjwa mwenyewe alipewa namba ya siri ya kufungulia faili lake kwenye simu yake, popote alipo. Mimi niliupenda mpango huo tangu siku alipokuja mama mmoja aliyekimbia kutoka Luofu na watoto wawili na sufuria moja. Daftari lake lilibaki kule. Tulipomuuliza anatumia dawa gani, alitutazama kwa matumaini makubwa akasema, “Ni vile vidonge viko na rangi ya maziwa.” Nusu ya kabati letu la dawa ina rangi ya maziwa. Siku hiyo niliyakasirikia makaratasi yote ya dunia.

Lakini watu waliogopa, na siwezi kusema waliogopa bure. Mama mmoja aliyekuwa na binti wa kuolewa aliniuliza kama wakwe wanaweza kuja kuomba ile namba ya siri. Kwetu, kabla ya harusi, shangazi za upande wa pili huzunguka kwa majirani wakiulizia kama kuna kifafa katika ukoo, na wanauliza kwa ustadi ambao polisi hawana. Nilimwambia hapana, hawapewi. Akatikisa kichwa. “Hauyue bakwe,” akasema, akaondoka na daftari lake kwapani. Mzee mwingine alikubali niingize malaria yake, tifoidi yake na hata meno yake, ila tulipofika ukurasa wa ngiri aliweka kiganja juu ya karatasi.

“Hii hapana. Hii inabaki nyumbani.”

“Lakini Papa, hii njo ya lazima kuliko zote.”

“Ndiyo. Njo maana inabaki nyumbani.”

Wote hao niliwajibu kwa maneno yale yale, mkono kifuani: siri yako iko salama, hakuna mtu atakayefungua faili lako bila wewe kuwepo. Ndiyo ilikuwa sheria ya kazi, tuliisaini. Niliirudia mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuifurahia sauti yangu mwenyewe.

Mtu wa kwanza kukataa katakata alikuwa mama yangu mzazi.

Ninaishi naye, katika nyumba aliyotuachia baba. Nilimwomba asubuhi, nikamwomba jioni, nikamweleza kwamba ni dakika kumi tu. “Muandike bagonjwa,” akanijibu huku anachambua maharagi. “Miye siko mugonjwa.”

Hapo lazima niseme juu ya ushuhuda wake. Miaka kadhaa nyuma mama alisumbuliwa na shinikizo la damu, tension kama tunavyoiita, mpaka tukamhofia. Kanisa lilimwombea, akatumia dawa, na siku moja mashine ya daktari ikaonyesha namba nzuri. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa zima akainua ile karatasi ya vipimo na kusema Mungu amemponya. Watu waliimba, wengine walilia, mimi pia. Tangu siku hiyo, mwanamke yeyote wa kanisani akiugua na kukata tamaa, anapelekewa mama yangu. Anaenda na kitabu chake cha nyimbo, anakaa kitandani kwa mgonjwa, anasimulia jinsi alivyopona. Ni kazi anayoipenda kuliko zote, na kila mtu katika mtaa wetu anamjua kwa hiyo.

Na kila mwezi mama alikuwa anasafiri kwenda Beni kumsalimia mdogo wake wa kike, katika sehemu ya mji inayoitwa komine ya Ruwenzori. Safari hiyo hakuna aliyeweza kumzuia. Anavaa kikwembe chake kizuri, kitenge kama wengine wanavyokiita, anapanda gari asubuhi, anarudi kesho yake na chupa ya mafuta ya mawese, amechangamka. Barabara ilipofungwa kwa sababu ya vita, alikuwa mkali nyumbani mpaka ilipofunguliwa tena. Mimi nilidhani ni upendo wa ndugu. Nilikuwa hata nawasimulia wenzangu kazini jinsi hawa wazee wawili wanavyopendana, na wao walisema huo ni mfano wa kuigwa.

Basi, asubuhi moja nilikuwa nasafisha orodha, yaani naangalia kama kuna mtu aliyeandikwa mara mbili, nikaona jina la mama yangu. Jina lake lote, la ubatizo na la Kinande, mwaka wake wa kuzaliwa, kijiji cha babu. Faili limefunguliwa Beni, wiki moja iliyopita.

Sheria niliijua. Mgonjwa hakuwepo mbele yangu. Nilifungua, na sitasema uongo kwamba nilisita.

Tension. Dawa kila mwezi, kwa miaka, yote yamehamishwa kutoka kwenye daftari lake la Beni. Kila safari ya kumsalimia mdogo wake ilikuwa imeandikwa hapo na kipimo chake. Kisha nafasi tupu: miezi miwili barabara ilipofungwa, bila kidonge hata kimoja, na kipimo cha baada ya hapo kilikuwa namba ambayo, ningeiona kwa mgonjwa mwingine, ningeinuka kumwita muuguzi. Chini kabisa, muuguzi wa Beni alikuwa ameandika mstari mmoja: anakataa kuhamishiwa Butembo, sababu ni siri.

Nililia kidogo nyuma ya pazia langu, kisha hasira zikanipanda. Mama yangu alikuwa anapanda gari kwenye barabara ile, barabara ambayo madereva wanaomba kabla ya kuwasha injini, kwenda kutafuta vidonge vilivyokuwa katika kabati letu, hatua sita kutoka kwenye kiti changu! Na akivikosa, ananyamaza na kuchambua maharagi. Nilitaka kukimbia nyumbani nimpigie kelele. Lakini ningemwambia nimejuaje?

Kwa hiyo sikusema. Nilipika.

Nilianza kupunguza chumvi, polepole mwanzoni, kisha bila huruma. Sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, maharagi bila chumvi. Makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye raha yake yote ni chumvi, nilimloweka usiku kucha, nikambadilishia maji mara tatu, mpaka akabaki kama kitambaa cha kufutia meza. Mama alitafuna, akatafuna tena, akaniangalia.

“Hii makayabu ilikufa mara mbili?”

“Ni vile inaletwaka siku hizi, Mama.”

Nilianza pia kumsindikiza kutembea jioni, eti nina maumivu ya mgongo. Na kila baada ya siku chache, pazia likiwa limefungwa, nilifungua faili lake tena kuangalia kama amepimwa, kama amepewa dawa, kama namba imeshuka. Nilijiambia huo ni utunzaji. Nilisoma kila kitu kisichonihusu katika faili lile. Kitu kimoja kilichonihusu, ambacho nalipwa kukihakikisha, sikukitazama: namba ya simu.

Namba ya simu ndiyo mfumo unaitumia kutuma ujumbe wa kukumbusha. Kila faili jipya likifika, kazi yangu ni kujaribu ile namba kuona kama kweli ni ya mgonjwa. Na mama yangu, kama nilivyokuja kujua baadaye, siku ile alipokubali kuandikwa Beni, akidhani ya Beni yanabaki Beni, aliacha simu yake kwa mdogo wake ikichajiwa. Muuguzi alipomuuliza namba, hakuijua. Nani anajua namba yake mwenyewe? Hajipigii. Lakini aliogopa kuonekana mshamba, na kichwani mwake ilikuwepo namba moja tu ambayo angeweza kuitaja bila kukosea hata akiamshwa usingizini. Akaitaja.

Ilikuwa namba ya matangazo ya kanisa letu.

Mtu asiyesali kwetu itabidi nimweleze. Mwenye tangazo lolote, msiba, harusi, mbuzi aliyepotea, analituma kwenye simu moja inayoshikwa na shemasi wa matangazo. Na kila Jumapili kabla ya wimbo wa mwisho, shemasi anaisoma namba hiyo polepole, mara mbili, tarakimu kwa tarakimu, na watoto wanaisema naye. Tumeisikia tangu simu zifike Butembo. Nina hakika kuna watu watakaosahau majina ya wajukuu wao kabla ya kuisahau.

Shemasi mwenyewe ni mzee mwaminifu kupita kiasi. Imani yake ni kwamba kilichofika kwenye simu ya kanisa kimetumwa kwa kanisa, na yeye ni nani hata achague. Siku moja kampuni ya simu ilituma tangazo la miziki ya kuweka kwenye simu. Akavaa miwani, akalisoma lote, pamoja na nyota na alama za kubonyeza mwishoni, na watu wakaitikia amina.

Sasa ikaja ile Jumapili. Jua lilikuwa zuri, kwaya iliimba vizuri, mimi nilikaa upande wa wanawake, mstari wa tatu, mama yangu mbele yangu na kilemba chake cha bluu. Shemasi akasoma salongo, kazi ya pamoja, ya kufagia uwanja. Akasoma mazoezi ya kwaya. Akasogeza simu karibu na miwani.

“Kituo cha afya, Beni,” akasoma, na kisha jina la mama yangu, lote, bila kuruka kitu. “Unakumbushwa rendez-vous yako ya tension, siku ya ine, saa mbili ya asubui. Kuya na dawa zenye zilibakia. Usikose tena.”

Hilo “tena” ndilo lililonimaliza.

Shemasi aliinua macho na uso wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri, akaangalia watu, akaangalia simu, na nikaona jinsi alivyoanza kuelewa, kutoka kwenye paji la uso kushuka mpaka kidevuni. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi niliangalia shingo ya mama. Nilijua barabara ninachokiogopa: kwamba atainuka, atatoka, na hatakanyaga tena kituo chochote, wala cha Beni wala cha Butembo, kwa aibu, na damu yake itaendelea kupanda kimyakimya mpaka siku moja nimkute sakafuni jikoni.

Akainuka. Akajifunga vizuri kikwembe. Hakutoka.

“Shemasi, wasingya,” akasema. Ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinande. “Ile tangazo ni yangu.”

Kisha akageukia watu.

“Mulinisikiaka hapa nikishuhudia. Sikubadanganya. Mungu aliniponyesha, machine ilionyesha, karatasi muliiona na macho yenu. Mais, kisha, ikarudia. Sasa mutu akipona anakuya hapa anashuhudia. Na ikirudia? Ni nani alishakuya kusimama hapa aseme imerudia?” Akaangalia upande wa wanaume, akarudi upande wetu. “Niliona haya. Haya yangu haikuwa juu yangu, ilikuwa juu ya Mungu. Niliogopa batu baseme alifanya kazi nusu. Donc nikawa naenda Beni.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mama akamwona.

“Cheka tu, baba. Na ile ya ‘usikose tena,’ shemasi, haikuwa kosa yangu. Barabara ilikuwa imefungwa!”

Hapo kanisa zima lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, mkono kinywani, akakaa. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa dawa na kwa barabara iliyofunguka, tukaimba wimbo wa mwisho kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mimi sijui niliimba nini.

Nje, shemasi alikuja amelowa jasho, simu ameishika kwa mikono miwili. “Mama, unisamehe. Miye nasomaka yenye inafika.”

“Ulisoma muzuri,” mama akamwambia. “Hata points, nukta zote, uliziheshimu.”

Wanawake walimzunguka. Niliona wawili wakimvuta pembeni, karibu na tangi la maji, na mmoja wao alikuwa yule ambaye mama alienda kumwombea tension miezi michache tu nyuma. Walimuuliza kwa sauti ya chini ni muuguzi gani wa Beni, na siku gani foleni ni fupi. Mama aliwajibu kwa sauti ya chini pia. Nilifurahi kiasi cha kutaka kuwakumbatia wote, na nikaanza kufikiri kwamba mambo yamekwisha, tena yamekwisha vizuri, na mimi nimetoka salama.

Mchana tulikaa mezani. Mama akaonja maharagi, akaweka kijiko chini.

“Toka siku gani chumvi ilihama mu hii nyumba?”

“Chumvi ni mubaya kwa batu bote, Mama. Banasemaka ku radio.”

“Ku radio,” akasema.

Akala. Aliyala yote, akiniangalia, na mimi niliangalia sahani yangu. Ningeweza kusema pale. Nafasi ilikuwa wazi mbele yangu kama mlango, na nilisema habari za radio.

Jumatatu asubuhi alivaa kikwembe chake cha safari. Nikamuuliza anaenda wapi.

“Kazini kwako. Kama Butembo yote inajua, naenda Beni kufanya nini?”

Alipokewa na mkuu wa kituo mwenyewe, titulaire, mwanaume mpole anayependa kueleza mambo. Mimi nilijipenyeza nyuma ya pazia langu na kujifanya nina kazi nyingi. Pazia lile ni jepesi, kila neno linapita. Kwanza wakatafuta namba yake ya kweli. Ilibidi anipigie mimi ili tuione, na simu yangu ikalia mita mbili kutoka kwake, nikaisoma kwa sauti kutoka nyuma ya kitambaa kama mtu aliye kwenye kitubio. Kisha titulaire akamfungulia faili kwenye simu yake mwenyewe. Hizi ni dawa zako, Mama. Hivi ni vipimo. Hii ni siku ya kurudi.

“Na hii ya chini?”

“Hii ni liste ya batu benye bamefungua faili yako. Jina, siku, saa.”

Nilisikia kiti cha mama kikisogea.

“Inaandikaka batu?”

“Inaandika kila mutu. Hata miye, saa hii, imeniandika.”

“Soma.”

Titulaire akasoma, kwa sauti yake safi, kama shemasi wa pili. Muuguzi wa Beni. Muuguzi wa Beni. Muuguzi wa Beni. Kisha jina langu na tarehe. Kisha jina langu. Jina langu. Mara ya nne sauti yake ikapungua, akakohoa.

“Maliza,” mama akasema.

Akamaliza. Nilikuwa mara saba. Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, na aibu niliyoisikia hata ya kanisani haikuifikia. Shemasi alisoma kilichomfikia mkononi. Mimi nilikwenda kukitafuta.

Nilingoja kelele. Badala yake mama alikuwa anaongea na titulaire taratibu, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

“Carnet yangu, ile daftari ya dawa, niliifichaka chini ya bikwembe, ndani ya sanduku, kwa dada yangu kule. Kila siku nafikiri: nani ameifungua? Haikuniambiaka hata siku moja. Hii inasema.” Akagonga simu kwa kucha, nikasikia. “Hii ni muzuri. Niandikeni hapa. Nakubali.”

Kwa hiyo akahamishiwa Butembo. Hakuna maelezo yangu yoyote yaliyomshawishi, hata yale ya mkono kifuani. Kilichomshawishi ni kwamba mashine ilinichongea. Titulaire akamweleza kwamba kuna sehemu ya kuandika ndugu anayeruhusiwa kuona faili, kwa mfano mtoto wake, maana ni vizuri mtu wa nyumbani ajue.

“Huyu?” mama akasema, na najua alinyoosha mkono kwenye pazia. “Huyu hapana.”

Siku hiyo hiyo titulaire alinipa karatasi ya demande d’explication, ile barua ambayo kwetu kila mfanyakazi anaiogopa, inayokutaka ujieleze kwa maandishi. Nilianza kuandika ukurasa mzima juu ya barabara na vipimo na moyo wa mtoto kwa mzazi. Nikauchana. Nikaandika kwamba nilikosa, kwamba ni mama yangu, na kwamba hiyo si sababu. Tangu hapo mafaili ya ukoo wangu wote yanashikwa na mwenzangu, na ujumbe wa kukumbusha hautaji tena ugonjwa. Unasema tu una rendez-vous. Shemasi angeusoma leo, watu wangedhani ni miadi na fundi wa nguo.

Lakini hayo yalikuja baadaye kidogo. Wakati ule, mama alipotoka kwa titulaire, alikuwa na mfuko wa dawa za mwezi mzima mkononi. Hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la korido, kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na ukuta, akaweka mfuko pembeni yake. Nilijua ananingoja. Nikatoka nyuma ya pazia, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi.

“Ulifungua mara saba.”

“Ndiyo, Mama.”

“Mara saba. Na hata mara moja hukuniuliza.”

Nilimwambia niliogopa. Akauliza niliogopa nini. Nikasema niliogopa atakataa kuniambia.

“Ningekataa,” akasema. “Mara ya kwanza ningekataa. Ya pili pia.” Akafikiri. “Ya tatu, sijui.”

Mtoto wa kikohozi akaitwa, mama yake akainuka naye, benchi likabaki letu wawili. Mama yangu akachukua mfuko wa dawa akauweka magotini, akapapasa mahali pa wazi kwa kiganja. Nikakaa.

“Sasa uliza.”

Mimi ninayejua tumbo na figo na meno ya nusu ya mtaa, nikaanza kutafuta swali. Nilizijua namba zake zote, za mwezi kwa mwezi, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Nilijisikia mjinga, na machozi yalikuwa karibu, na yeye alingoja tu, kama anavyongoja kwenye vitanda vya wagonjwa wake.

“Mama,” nikasema mwishowe, “unajisikiaka namna gani?”

Aliangalia kwanza mlangoni, kama kuna anayesikiliza. Kisha akainamisha kichwa karibu na changu na akaanza tangu mwanzo, tangu ile alfajiri, wiki chache baada ya ushuhuda, alipoamka na kichwa kizito na kujua kwamba imerudi. Alikaa jikoni peke yake mpaka kukapambazuka, akitafuta ni nani wa kumwambia. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimelala.